Flashi Iliyokwenda Ngomani

Kila asubuhi Nélida Huamaní alifungua ofisi ya usajili ya Huayllapata, mji mdogo kwenye milima ya Peru, akaweka mezani chai ya majani ya koka, akachomeka flashi kwenye kompyuta. Humo mlikuwa na vyeti vya kuzaliwa vya mji mzima. Vitabu vya zamani vilioza kwa mvua, na nakala nyingine haikuwapo. Nélida hakuwa na wasiwasi hata kidogo.

Jumatatu baada ya sikukuu ya mtakatifu wa mji, Yesica Ccori aliingia mbio.

"Dada Nélida, nipe cheti changu! Naolewa Jumamosi, na bila cheti hawatufungishi ndoa."

Nélida akafungua flashi. Akakuta nyimbo tupu za huayno, ngoma ya huko milimani.

"Don Fortunato!"

Mhudumu wa ofisi akaja akijikuna kichwa. "Niliiazima tu, bosi. Bendi ya sikukuu ilichelewa na watu walitaka kucheza. Ilikuwa imejaa, nikapunguza vitu vidogo vidogo."

"Vidogo? Umefuta mji mzima, mzee!"

Yesica akaangua kilio. Nélida akampigia simu Rosaura, mtaalamu wa kumbukumbu mkoani.

"Ichomoe," alisema Rosaura. "Msiongeze kitu, wala msifute hizo nyimbo. Kilichofutwa mara nyingi bado kimo, mpaka kifunikwe na kingine. Niletee."

Nélida akaipeleka siku ileile. Jumatano Rosaura aliirudisha mwenyewe. Alikuwa amevirejesha vyeti kwa programu maalumu, isipokuwa arobaini. Cha Yesica kilikuwamo! Yesica aliwakumbatia wote, hata Don Fortunato.

"Sasa kaeni tujifunze," alisema Rosaura. "Kosa ni la nani?"

Fortunato akainamisha kichwa.

"Ni langu," alisema Nélida kwa aibu. "Niliuweka mji wote kwenye kitu cha kutia mfukoni."

"Basi wekeni nakala tatu. Moja kwenye kompyuta. Moja kwenye diski, ifungiwe kabatini. Moja nje ya jengo hili, kwetu mkoani. Kila Ijumaa nakilini upya, kisha zifungueni muone kama zinasomeka. Nakala isiyofunguliwa ni matumaini tu."

Wakafanya hivyo Ijumaa ileile. Wenye vile vyeti arobaini vilivyopotea wakaanza kuwatafuta nyumba kwa nyumba, wakiomba karatasi zao za zamani.

Jumamosi Yesica aliolewa. Don Fortunato ndiye aliyesimamia muziki, na shingoni alining'iniza flashi yenye utepe mwekundu.

"Hii ni ya nyimbo peke yake, bosi."

"Una nakala ngapi?" aliuliza Nélida.

"Tatu! Moja anayo mke wangu, na nimeshaifungua, inalia vizuri."

Nélida akacheka, akamvuta wakacheze.