Gari Jekundu la Wifi

Katika mji wetu mdogo wa Wisconsin, kila Ijumaa jioni watu hula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa kanisa. Samaki, viazi, kabichi na mkate mweusi. Asiyekuja husemwa. Anayekuja husemwa vilevile.

Mimi ni Lorraine. Mume wangu, Norbert, figo zake hazifanyi kazi. Mara tatu kwa wiki nampeleka hospitali kusafishwa damu, mwendo wa saa nzima. Bila gari hafiki, na asipofika hatuna Norbert. Ndiyo maana mwezi wa Juni tulinunua gari jipya, jekundu.

Tatizo ni kwamba dada yake, wifi yangu Geraldine, alinunua la kwake mwezi wa Mei. Gari lilelile. Rangi ileile.

"Umeniiga, wifi!" alisema mbele ya ukumbi mzima.

"Nikuige wewe? Nyekundu ulianza kuipenda lini?"

Watu wakacheka. Mimi nilicheka pia, lakini moyoni niliwaka.

Julai, gari letu lilizimika katikati ya barabara. Tulilipeleka kwa wakala aliyetuuzia. Akakaa nalo wiki moja, akasema limepona. Agosti likazimika tena. Safari hii wakala aliandika kwenye karatasi: "Hatukuona tatizo."

La wifi halikuwa na neno. Alilisimamisha mlangoni pa ukumbi, linang'aa kama sufuria mpya. Nilimwonea wivu, siwezi kuficha. Hata Septemba, alipokuja kanisani kwa miguu mwezi mzima, nilimwonea wivu.

"Natembea kwa afya," alisema, na kiuno chake kilikuwa kimepungua kweli.

Gari zuri, na kiuno pia! Nilirudi nyumbani sina raha.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Duka la wakala linatazamana na ukumbi wa kanisa. Nikilipeleka gari kwa mara ya tatu, wifi ataliona limeegeshwa pale. Nikasema, bora nife. Liliposumbua Novemba, nililipeleka kwa Duane, fundi wa uani, mji wa tatu kutoka kwetu. Februari vilevile. Duane alikaza hiki, akafuta kile, wala hakuandika chochote.

Mei, katikati ya barabara kuu, gari likazimika Norbert akiwa ndani. Lori lilikuwa nyuma yetu. Lilipiga honi, likatupita kwa upana wa mkono. Tulifika hospitali ndani ya gari la kuvuta magari, tumechelewa saa tatu. Miguu ya Norbert ilikuwa imevimba.

"Lorraine," aliniambia taratibu, "unamficha dada yangu gari, au unaniua?"

Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia dada yake simu.

Geraldine akaja kutuchukua hospitali na gari lake jekundu. Njia nzima halikukohoa hata mara moja. Tulipofika kwangu, akaketi mezani jikoni.

"Limezimika mara ngapi?"

"Mara tano. Haya, cheka."

"Sicheki. La kwangu lilizimika hivyohivyo."

"Lipi? Hilo hapo nje?"

"Hilo ni la pili, wifi. La kwanza lilikuwa kimeo, halitengenezeki; nililipeleka kwa wakala wa mji mwingine ili usilione. Kiwanda kililichukua, kikanipa lingine, jekundu vilevile. Ulidhani Septemba natembea kwa afya?"

Nilikaa chini. Mwaka mzima nilikuwa namwonea wivu mwanamke aliyekosa gari!

"Na hukuniambia?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka," nilikubali.

Hapo ndipo aliponieleza. "Sheria ya jimbo letu inamlinda anayenunua gari jipya. Kosa kubwa lilelile lisipopona baada ya kulipeleka mara nne, au gari likikaa kwenye matengenezo siku thelathini kwa jumla, kiwanda lazima kikupe gari lingine. Au kikurudishie pesa, kikikata kidogo kwa maili ulizotembea. Lakini hayo yatokee ndani ya mwaka wa kwanza, na waranti, ile dhamana ya kiwanda, iwe haijaisha."

"Mara nne zimefika! Mbili kwa wakala, mbili kwa Duane."

"Duane hahesabiki. Wanahesabiwa kiwanda na mawakala wake tu."

"Lakini wakala aliandika hakuona tatizo."

"Haidhuru. Ulilipeleka, na ulilalamika. Karatasi unazo?"

Nilizitoa chini ya droo ya vijiko. Alizisoma, akatazama kalenda.

"Mwaka unaisha baada ya wiki tatu. Kesho asubuhi lipeleke. Usiwaache waandike 'ukaguzi'. Waandike maneno yako: 'linazimika likiwa kwenye mwendo'. Waandike tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, na maili. Usitoke bila nakala yako. Likizimika tena, lirudishe tena."

"Pale mbele ya ukumbi? Watu wote waone?"

"Na waone. Norbert nitampeleka mimi."

Kesho yake gari lilivutwa hadi kwa wakala. Ijumaa watu walikula samaki wakiliangalia dirishani. Mimi nilikula nikiwaangalia wao. Lilitoka, likazimika, likarudi, likatoka, likazimika tena. Zilikuwa zimebaki siku mbili mwaka uishe, na karatasi nne zilikuwa mkononi.

Tulijaza fomu ya jimbo, ambayo ni bure. Pale pa kuchagua gari au pesa, tuliweka alama kwenye gari. Tukaituma kiwandani kwa barua ya rejista, tukatunza risiti ya posta.

"Wakikataa?" nilimuuliza wifi.

"Unatafuta wakili. Ukishinda, kiwanda ndicho kinachomlipa."

Hawakukataa. Sheria inawapa siku arobaini na tano kuleta gari, nao walileta siku ya arobaini. Wewe unayeishi kwingine, uliza sheria ya kwenu inasemaje, na karatasi zako usizifiche kwenye droo.

Kwa siku zote hizo tulipanda gari la Geraldine. Nililipenda kila siku, na kila siku liliniuma kwamba si langu. Gari letu jipya lilipofika, yeye ndiye wa kwanza kuingia. Ilikuwa Julai, lakini sisi watu wa theluji hukagua gari kwa kufikiria Januari. Akabonyeza kitufe pembeni ya kiti.

"Hivi viti vinapata moto?"

"Ndiyo. Vya kwako havipati?"

Akakibonyeza tena. "Havipati," akasema.

Nilimtazama usoni nikautambua ule wivu, maana niliishi nao mwaka mzima. Mungu anisamehe, nilifurahi. Kisha nikamfungia mkanda.

"Kaa hapohapo mbele, wifi. Norbert, nenda nyuma. Tunachelewa hospitali."