Ukimya wa Chumba cha Bibi

Jua lilikuwa linaaga, Tetemeko alipopita chuoni kumalizia kazi ndogo tu, ya dakika kumi. Alinganishe sauti za filamu yake ya mwisho, afunge kompyuta, arudi nyumbani akale. Basi.

Jina lake halisi tuliache. Wenzake walimbandika binti huyo hilo la Tetemeko mwaka wa kwanza, filamu yake ya kwanza ilipoonyeshwa darasani. Alikuwa amempiga picha bibi yake chumbani, na kamera ilitikisika utadhani ina homa. Bibi mwenyewe alionekana kuanzia shingoni kushuka chini. Kibaya zaidi, binti aliizima kamera bibi akiwa katikati ya maneno: “Mjukuu wangu, kuna jambo nataka...” Kwisha. Giza. Darasa zima lilicheka, naye akajilazimisha kucheka nao, ingawa bibi alikuwa amezikwa juma lililotangulia na moyo wake ulikuwa bado unavuja damu.

Mwalimu wa sauti ndiye hakucheka. Alimweleza kwamba kila chumba kina ukimya wake. Ukimaliza kupiga picha, kaa nusu dakika, asiongee mtu, uunase, maana ndio utakaozibia mapengo ya sauti baadaye. Yeye hakuwa amenasa kitu. Basi akarudi peke yake chumbani kwa marehemu, akaweka kinasa sauti juu ya kitanda, akaketi sakafuni. Alipata ukimya mzito, safi, ambao hata mwalimu aliusifu, akazibia nao mapengo ya filamu ile.

Mzoea vya kunyonga, vya kuchinja haviwezi. Tangu siku hiyo, kila alipokosa ukimya, alichukua ule ule wa bibi.

Aliutia kwenye filamu ya pili, ya fundi viatu. Na tusimnyime haki yake, msichana alikuwa ameiva. Kamera ilimtulia mkononi. Alijua kusubiri pia: fundi akinyamaza, alimwacha anyamaze, ashone, mpaka la moyoni litoke lenyewe. Walimu walimpigia makofi. Wiki iliyofuata fundi viatu alipotewa na sauti. Madaktari walilichungulia koo lake, hawakuona kitu, na mpaka leo anaongea na wateja kwa kuandika kwenye vipande vya boksi.

Filamu ya mwisho ilikuwa ya mama yake, fundi cherehani. Mama huyo hushona huku akiimba, na sauti hiyo ndiyo iliyomlea Tetemeko pasipo baba. Siku ya kupiga picha mvua iliwaharibia ukimya wa chumba. Binti akautia ule ukimya wa bibi, wala hakufikiri mara mbili.

Sasa, pale chuoni kuna sharti. Anayemaliza masomo huonyesha filamu yake ya kwanza pamoja na ya mwisho, watu waone alikotoka. Kwa hiyo jioni hiyo alizifungua zote, akavaa hedifoni, akaanza na ya bibi.

Ndani ya ukimya ule, mbali, mlangoni...

Sss. Sss.

Ndara zinaburuzwa.

Alijiambia kwamba zamani alikuwa hajui kusikiliza, sasa anajua, ndiyo maana anasikia. Akafungua ya fundi viatu. Ukimya ni ule ule, hakuna aliyeugusa.

Ndara zilikuwa katikati ya chumba.

Akasikia harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyojipaka bibi magotini. Ilitoka nyuma yake, upande usio na dirisha. Alitamani afunge kila kitu akimbie. Lakini iliyobaki ilikuwa ya mama. Angeiachaje? Akabonyeza.

Ndara hazikuwepo tena. Pumzi tu... karibu. Halafu mnong'ono, sikioni kabisa:

“Sijamaliza.”

Alipiga simu nyumbani. Mama alipokea, lakini hakuitika. Kilichokuja ni ukimya, na Tetemeko aliutambua, kwa kuwa alikuwa ameukata na kuuunga miaka mitatu.

Alikimbia njia nzima. Alimkuta mama kwenye cherehani, mdomo wazi, koo linahangaika, machozi yanamtoka na sauti haitoki. Tetemeko alimkumbatia akilia, akiomba radhi bila kujua anamwomba nani. Mama alimsukuma taratibu, akachukua chaki ya kushonea, akaandika juu ya kitambaa cheusi. Mwandiko haukuwa wake. Ulikuwa mkubwa, umelala upande, wa mtu aliyejifunza kuandika uzeeni.

ULINIZIMA.

Binti alitoa kamera begini. Akaielekeza kwenye kiti kitupu kando ya cherehani, akaiinua kidogo ili kichwa kisikatwe. Mikono haikutetemeka hata chembe.

“Sema, bibi,” alinong'ona. “Safari hii sizimi.”

Kiti kikalia, kama kinavyolia mtu akikikalia.

Hii ni wiki ya tatu. Waya wa umeme umechomekwa, taa nyekundu ya kamera haijazimika. Mama bado anaandika kwa chaki. Kila asubuhi Tetemeko husikiliza alichonasa usiku kucha: neno hakuna, ni pumzi tu, pumzi ya mtu anayejiandaa kusema.

Juzi jirani alichungulia mlangoni akauliza mbona nyumba yao siku hizi kimya hivi. Tetemeko alifungua mdomo kumjibu. Kisha akageuka kutafuta chaki.