Debe la Nne la Jivu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Swabaha wa darasa la sita alipita kwenye mashine ya kukoboa mpunga, hapo Kirongwe. Nyuma ya mashine palikuwa na kilima cha pumba. Zamani zilitupwa na kutiwa moto tu, zikafuka moshi na kuwakereketa watu makoo. Siku hizi Bi Nasma, fundi wa matofali, alizichoma katika pipa mpaka zikawa jivu jeupe, laini kama poda. Ukilichanganya na chokaa, mchanga na maji, hushika kama saruji. Na saruji yenyewe, mpaka ivuke maji ifike Mafia, mbona utangoja!

Matofali aliyofyatua kwa jivu hilo yalikuwa ya choo cha wasichana shuleni. Cha zamani kilibomoka, wakawa wanakwenda vichakani. Swabaha akienda, rafiki yake Umi humsitiri kwa kanga.

"Shikamoo, Bi Nasma."

"Marahaba, mwanangu. Leo chekecha madebe manne. Jeupe tu! Jeusi halijaiva, halishiki. Umi atapima chokaa."

Swabaha akachekecha, akapiga chafya mpaka machozi. Debe la tatu lilipojaa, akasikia wenzake wakicheza rede. Akatazama huku, akatazama kule. Kando ya pipa palikuwa na jivu jeusi. Akalijaza debe la nne, akanyunyiza jeupe juu, mbio akaenda kucheza.

Kila debe likafyatuliwa matofali yake, yakapangwa safu yake. Yakafunikwa makuti, yakamwagiwa maji wiki tatu. Siku ya kujenga, safu tatu zilikuwa ngumu kama jiwe. Safu ya nne, Bi Nasma alipoinua tofali, likamomonyoka mkononi.

"Umi kaiba chokaa!" Maulidi wa darasa lao akacheka. "Kaenda kupaka ukuta kwao!"

"Sijaiba! Wallahi sijaiba!" Umi akaangua kilio.

Mwalimu Elineema akakunja uso. "Umi, kesho uje na mzazi. Na mambo ya majivu basi, tutangoja saruji."

Swabaha akaitazama ile kanga mabegani mwa Umi. 

"Si Umi, mwalimu," akasema. "Ni mimi. Debe la nne nilitia jivu jeusi. Nilitaka kucheza."

Bi Nasma akalivunja tofali jingine la safu ile. Ndani lilikuwa jeusi tii.

"Basi kosa si la jivu; safu ya nne ifyatuliwe upya," mwalimu akasema taratibu. "Umi, nisamehe mwanangu. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

Swabaha naye akamwomba Umi radhi. Umi akageuka, akaondoka.

Tangu siku ile, wenzake wakicheza rede, Swabaha yuko kwenye chekeche. Siku ya tatu akaona mikono mingine imeshika upande wa pili.

"Hebu shika vizuri, unamwaga," akasema Umi.

Choo kikaisha, vuli ikinyesha matone ya kwanza. Bi Nasma akaugonga ukuta kwa ngumi.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimekula nikatupa ganda, ganda likanijengea ukuta."

"Pumba!" Umi akawahi.

"Umepata. Sasa sikilizeni. Kinachotupwa hujenga, kikifanyiwa kazi mpaka kiive. Ukifanya nusu ukafunika juu, ukuta utakusema. Na mtu akikosa akasema kweli, wanangu, hatupwi. Naye hujenga."

Umi akaikunja kanga yake ya kusitiria, akaitia mkobani.