Mtu wa Alama ya Nyuma

Kazi ya kupaka rangi mawe haina makuu. Unabeba kopo la rangi ya njano, brashi, brashi ya waya ya kukwangulia kuvu, na maji ya kunywa. Unachagua jiwe linaloonekana vizuri, unalikwangua, unalipiga mstari mmoja wa urefu wa kiganja, unasonga mbele. Fundi tunayemzungumzia hapa aliifanya kazi hiyo kwa miaka tisa, kwenye njia ya siku tano inayokatisha milimani, na watembezi wakaiamini mistari yake kuliko walivyoyaamini macho yao. Dada yake mdogo, aliyekuwa akiishi naye tangu wazazi wao walipofariki, alipenda kumtania kwamba ni mchoraji gani huyu, miaka tisa yuko kwenye picha ile ile.

Dada naye alipata riziki yake humo humo njiani. Alikuwa mwongozaji wa watembezi, na wateja walimpenda kwa sababu mdomo wake haukuchoka. Aliongea tangu mguu wa mlima hadi kileleni, akiwasukuma wavivu kwa vichekesho na kuwatuliza waoga. Kaka mtu alikuwa mkimya, basi sauti ya dada ndiyo iliyoijaza nyumba yao.

Sasa, kupaka alama kuna utaratibu wake, na ni huo uliozaa balaa. Mafundi huenda wawili. Mmoja hubaki kwenye alama ya nyuma, mwingine hutangulia na brashi. Akipata jiwe, wa mbele huuliza, "Unaniona?" Wa nyuma akimwona hujibu, "Nakuona," ndipo rangi inapopakwa. Asipomwona, jiwe hilo limekataliwa. Wamefanya hivyo kwa miaka mingi kiasi kwamba swali na jibu vinatoka vyenyewe mdomoni.

Mwenzake fundi alikuwa bwana mmoja wanayemwita Kipara, na wawili hao hawakuiva chungu kimoja. Kipara aliona yeye ndiye aliyestahili kushika brashi. Msimu uliopita, goti la Kipara likavimba, fundi akapanda peke yake. Hilo tu lilikuwa kosa, lakini lilisameheka. Hewa ilikuwa safi, angeweza kugeuka mwenyewe na kuitazama alama ya nyuma. Alipofika kwenye bega la mlima, ukungu ukashuka mzito kama maziwa. Hapo alitakiwa akae chini asubiri. Lakini mazoea yana taabu. Alipata jiwe, akauliza kama kawaida yake, "Unaniona?"

Nyuma yake sauti ya Kipara ikajibu, "Nakuona."

Fundi akafurahi kwamba goti limepoa na mwenzake amemfuata. Akapaka. Akasogea, akauliza, akajibiwa, akapaka. Mawe thelathini na moja. Rangi ikamwishia, akageuka kurudi, na kwenye alama ya nyuma hakukuta mtu. Alidhani Kipara amemkimbia kwa sababu ya baridi, akamlaani kimoyomoyo hadi nyumbani.

Wiki sita baadaye mume na mke waliokuwa wakitembea kwenye ukungu waliifuata ile mistari thelathini na moja, mmoja baada ya mwingine, wakatumbukia korongoni. Mstari wa mwisho ulikuwa hatua tatu kutoka ukingoni.

Palizuka maneno. Kipara aliapa kwamba siku hiyo alikuwa amelala kwa mama yake, goti limefungwa kitambaa cha moto. Shahidi wake alikuwa mama huyo huyo. Mkuu wa njia, mtu wa makaratasi na miwani, hakusema fundi alikuwa amelewa, ila alimuuliza mara mbili kama anatumia kilevi. Fundi hakutumia. Alichokuwa nacho ni sikio, na sikio lake lilikuwa limemsikia Kipara. Basi huyu ananitafutia kifungo, akajiambia. Alinijibu makusudi ili nipotee, aichukue brashi. Usiku na mchana hakuwaza kingine.

Msimu mpya ulipokaribia kufunguliwa, mkuu aliwaita wote wawili ofisini. Akawapa kopo la rangi ya kijivu na amri moja, kwamba waende pamoja wakaifute ile mistari yote. Mpaka siku hiyo mchepuko ule wa korongoni, unaoachana na njia kwenye jiwe la njia panda, ulikuwa umezibwa kwa utepe mwekundu tu. Fundi hakubisha, kwa sababu moja. Dada yake alikuwa huko juu na kundi la watembezi saba, kundi la majaribio, na kesho yake angeshuka kupitia pale pale.

Walipanda asubuhi bila salamu. Njia ni ya mtu mmoja, lakini hakuna aliyekubali kumwacha mwenzake nyuma ya mgongo wake, basi walitembea bega kwa bega, mmoja akikanyaga majani, mwingine akijikwaa kwenye mawe. Ungewaona ungecheka. Fundi alimwibia Kipara jicho la pembeni kila mara. Kwa nini kabeba kamba ndefu? Kwa nini anajua kila kona, na yeye anadai hajapanda tangu goti lile?

Wakafika kwenye jiwe la njia panda. Utepe ulikuwepo, mzima, lakini haukuwa mahali pake. Ulikuwa umefunguliwa na kufungwa upya, na safari hii ulikuwa umeziba njia ya kweli. Mchepuko wa korongoni ulikuwa wazi.

"Upepo haufungi fundo," fundi alisema.

Kipara alimjibu kwamba mwenye kujua fundo ni yule aliyezipaka alama. Wakatazamana vibaya. Fundi akaukata utepe, akaufunga panapostahili, na wakati anafunga, ukungu ukaanza kuteremka. Akili timamu ingesema wakae. Lakini kesho dada anapita, na mistari thelathini na moja ilikuwa bado inang'aa. Isitoshe fundi alikuwa na hamu ya kumnasa mtu wake. Alimwambia Kipara abaki kwenye jiwe la njia panda, amjibu kila akiulizwa, ili asipotee huko mbele. Kipara hakutaka. Alisema kwa sauti ndogo kwamba hapendi kubaki nyuma mahali hapa, wala hakueleza kwa nini. Mwishowe akabaki.

Fundi akapita chini ya utepe, akalifikia jiwe la kwanza.

"Unaniona?"

"Nakuona."

Akaufuta mstari kwa kijivu. Akalifikia la pili. Akauliza, akajibiwa. La tatu. Sauti ni ya Kipara, na sasa ana hakika ni ile ile ya msimu uliopita. Ndiye. Hakuna mwingine. Alikuwa akipanga atakavyomwambia mkuu, mara mkono ukamgusa begani.

Alikuwa Kipara. Amesimama ubavuni pake, amenuna.

"Mbona huniiti? Nimesubiri mpaka miguu imekufa ganzi."

Fundi alimwambia kwamba amemwita mara tatu na amejibu mara tatu. Kipara alisema hajasikia kitu wala hajafungua mdomo. Fundi akakusanya pumzi amtukane, na kabla hajamtukana, ile sauti ikatoka nyuma yao, kwenye jiwe la njia panda, bila kuulizwa na mtu.

"Nakuona."

Mdomo wa Kipara ulikuwa umefungwa. Fundi alikuwa akiutazama.

Hakuna aliyekimbia. Ungekimbilia wapi, na korongo liko karibu na huoni hata vidole vyako? Kipara alimshika fundi mkono, yeye aliyekuwa hataki hata kupeana naye maji. Alinong'ona kwamba na yeye aliwahi kujibiwa hapa, zamani, kwa sauti ya fundi. Aliogopa kusema. Alidhani fundi anamfanyia mchezo.

"Yaani miaka yote hii ulinishuku mimi?"

"Na wewe ulinishuku mimi."

Wakarudi polepole, wakipapasa mawe, hadi njia panda. Hapakuwa na mtu. Fundi aliona haya na hofu kwa pamoja, na alikuwa akitafuta neno la kuomba radhi aliposikia sauti anayoijua.

Juu yao, upande wa kulia, dada yake alikuwa akiongea.

Baadaye walijua kwamba mtembezi mmoja alibanwa na kifua, dada akaamua kuwashusha wote siku moja mapema. Wakati huo fundi hakujua hayo. Alisikia tu ile sauti iliyomjazia nyumba, ikiwaambia watu washikane mabegi, asiachwe mtu. Halafu ikaita chini, "Kuna mtu huko?"

"Nakuona. Njoo."

Lile lisiloonekana lilijibu kutoka kushoto, upande wa korongo. Na safari hii lilijibu kwa sauti ya fundi.

"Kaka?" dada aliita, kwa furaha kabisa.

Fundi alipiga ukelele. Usiende huko, simama, mimi niko huku! Naye akalisikia lile la kushoto likiyasema yote hayo baada yake, neno kwa neno, kwa woga ule ule. Simama, mimi niko huku. Dada akauliza mko wawili, kaka, mbona nakusikia pande mbili? Likamjibu. Akauliza tena. Likamjibu tena. Kila alipouliza, sauti yake ilikuwa imesogea kushoto.

Ndipo fundi akaelewa. Linataka maneno. Kila neno analotoa, lile linalirudia na kumtupia dada. Akamziba Kipara mdomo, akauziba na wake. Akachukua lile kopo la rangi, akaanza kuligonga kwa mpini wa brashi. Tatu. Akatulia. Tatu. Upande wa kushoto kukawa kimya. Halikuwa na kopo.

Juu, dada aliongea na watu wake kwa haraka. Alikuwa mwepesi wa kuelewa. Fundi aligonga. Mawe yaliporomoka mahali fulani, yakachukua muda mrefu kufika chini. Aligonga. Kipara alikuwa akilia bila kutoa sauti. Kisha ukungu ukatoa mtu, na mwingine, wameshikana mabegi. Fundi akahesabu. Watano. Sita. Saba.

Dada hakuwemo.

Wa mbele, mama mmoja muuguzi, aliwaambia kwa kunong'ona. Mwongozaji aliwaambia waende kwenye kopo, wasitoe neno hata mmoja akianguka. Yeye angebaki kuongea na lile, ili lisiwafuate wao.

Na kweli, kule kushoto, alikuwa bado anaongea. Alikuwa akilipigia soga. Alilisimulia habari za mawe, za viatu vya wateja, za kaka yake mchoraji wa picha moja, na lenyewe likimjibu kwa sauti ya kaka huyo, nakuona, nakuona. Fundi alitaka kwenda. Kipara alimfunga ile kamba kiunoni, akamshikilia, akamwachia hatua moja moja. Fundi alitambaa huku akiligonga kopo, huku machozi yanamtoka, huku soga ya dada inapungua nguvu, inakwaruza, inakuwa pumzi tu.

Halafu haikusikika tena.

Alimpata amekaa juu ya jiwe, hatua tatu kutoka ukingoni, magoti yamechubuka. Alimkumbatia asimwachie. Dada alifungua mdomo kumwambia kitu, hakikutoka. Akacheka bila sauti, akaonyesha koo lake. Wakadhani sauti imekauka kwa kupiga kelele. Muuguzi alisema chai na siku mbili za kupumzika zitatosha.

Zikapita siku mbili. Ukapita mwezi. Madaktari walimchungulia koo kwa taa na kamera, wakasema kila kitu ni kizima, hakuna jeraha, hakuna uvimbe, labda ni mshtuko. Dada akawa anaandika kwenye daftari anachotaka, na fundi, aliyekuwa mkimya maisha yake yote, akajifunza kuongea ili nyumba isiwe kaburi. Alijifunza pia kumsoma midomo. Hakuna siku aliyokaa naye bila kuumia, kwa maana alijua sauti hiyo iliyopotea ilinunua maisha ya watu wangapi.

Mwaka ukaisha. Mkuu wa njia akaamua njia ihamishwe, akamtuma Kipara na wapimaji waende kuona pa kuipitisha. Fundi alikataa kwenda. Alasiri hiyo alikuwa mezani anakula na dada yake, simu yake ikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Kipara. Alitaka atoke nje kuusikiliza, dada akamzuia kwa mkono. Walishakubaliana wasifichane.

Kwanza ulisikika upepo, kisha mnong'ono wa Kipara ukisema sikiliza. Kisha dada yake akaongea. Wazi, bila kukwaruza, kwa ule uchangamfu wake wa zamani. Alikuwa akisimulia habari za mawe na za viatu vya wateja.

Fundi alikimbilia kuuzima. Dada akamshika kiganja. Alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa na hamu kama ya mtu aliyeletewa maji. Midomo yake iliyafuata maneno yote, moja baada ya jingine, hakukosea hata moja. Ujumbe ulikuwa wa sekunde arobaini. Ukaisha.

Midomo haikusimama.

Fundi aliitazama kwa muda. Kisha akampigia Kipara, na Kipara akapokea. Fundi akamuuliza kwa sauti ya chini kama lile bado linaongea. Kipara akasema bado, halijanyamaza, liko karibu. Fundi akamwomba ainyooshe simu kwenye ukungu, na yake akaiweka mezani, katikati ya sahani, sauti juu kabisa. Kila neno lililotoka kwenye simu lilikuta midomo ya dada yake imeshalitamka.

Kisha dada akafumbua macho, akamtazama kaka yake usoni, na simu ikasema, "Nakuona."