Mlaji wa Tundu la Nne

Maziwa yalipungua kwenye sufuria, lakini utando wake ulibaki mzima.

Mugure aliliona jambo hilo Jumatatu asubuhi alipofungua friji. Jioni iliyotangulia aliyachemsha mwenyewe, yakakaribia mdomo wa sufuria, akayaacha yapoe yashike utando. Sasa utando ulikuwa umening'inia palepale juu, na chini yake palikuwa na nafasi tupu ya vidole vitatu. Hakuna kijiko kilichoutoboa. Alipoinama kunusa, hakusikia harufu ya maziwa yaliyoharibika. Alisikia moshi mtamu wa kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha moto, harufu ya nyumba za Wamaasai, na nyumbani kwake hapakuwa na kibuyu.

"Ni msichana wako," alisema mumewe, Githongo, akifunga kamba za viatu. "Hao watu wa Ukambani wako na njia zao."

"Njia ya kunywa maziwa bila kutoboa utando?"

"Wewe uliza tu. Majini yote ya nchi hii yanatoka huko kwao."

Kaveke, msichana wao wa kazi, alikuwa jikoni na mlango ulikuwa wazi. Sauti ya sufuria alizokuwa akiosha ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Alikuwa amekaa nao Kitengela miezi minane. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mpole, asiye na maneno mengi. Asubuhi za baridi alizikalia nguo za mtoto kwanza, zipate joto la mwili wake, ndipo amvishe Mwihaki. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Mugure alikuwa na kibanda cha nguo sokoni, na kila siku alimwachia Kaveke mtoto huyo wa mwaka mmoja na nusu, akaenda zake moyo ukiwa umetulia.

Baada ya wiki moja maziwa yaliacha kupungua. Lakini Githongo alikuwa ameshaamua kuweka kamera.

Ulikuwa mwaka wa 2009. Ukame ulikuwa umewamaliza ng'ombe wa Kajiado, wezi walikuwa wengi, na fundi Kinyanjui, mwenye duka dogo la kompyuta mjini, hakukosa wateja. Aliwapangia visanduku vitatu juu ya kaunta.

"Boss, kamera ziko nne. Unahitaji swichi."

"Ya taa?" Mugure aliuliza.

"Hapana, mama. Hii ndiyo inakusanya waya zote pamoja. Sasa angalia. Hii ya kwanza ni rahisi, lakini inapitisha picha peke yake. Kila kamera itataka stima yake, uanze kutoboa ukuta mpaka nyumba iwe chujio. Hizi zingine mbili zinapeleka stima na picha kwa waya mmoja. Kama mtoto tumboni, kitovu ni kimoja tu."

"Na tofauti ya hizi mbili?" Githongo aliuliza.

"Tumbo. Hii ndogo iko na wati thelathini na mbili. Kamera moja inakula nne mchana. Usiku ikiwasha taa zake za kuonea giza, inakula saba. Zidisha mara nne."

"Ishirini na nane. Inatosha."

"Inatosha lakini imebana. Ile ingine iko na sitini. Mimi ningechukua hiyo. Sanduku likizidiwa linazima tundu la mwisho, ndiyo yale mengine yaishi."

"Wewe unataka tu kuuza."

"Nataka ulale, boss. Ukiniita Jumapili sitakuja, bibi yangu ni mkali kushinda pasta."

Githongo alichukua ile ndogo. Kinyanjui akafunga kamera ya kwanza langoni, ya pili nyuma ya nyumba, ya tatu jikoni, na ya nne sebuleni, Mwihaki alikozoea kuchezea. Swichi ilikaa juu ya kabati chumbani, taa zake nne za kijani zikiwaka, na kando yake kinasa picha na runinga ndogo ya kutazamia.

Usiku, wakati wa kamera kula sana, sanduku lilivumilia. Lilishindwa mchana. Siku ya pili, saa saba kamili, taa ya nne ilizimika, na dakika kumi baadaye ikawaka yenyewe. Siku ya tatu hivyohivyo. Na ya nne.

Kinyanjui alikuja na kipimo chake, akaketi mbele ya kabati, kiganja juu ya sanduku, akipiga hadithi za bibi yake.

"Saa hii zinakula kumi na sita tu," alisema. "Sioni ni nini..."

Ilikuwa saa saba. Taa ya nne ilizimika, naye akautoa mkono haraka kana kwamba ameumwa.

"Limechomeka?" Mugure aliuliza.

"Sanduku likizidiwa linakuwa moto," Kinyanjui alinong'ona. "Guza."

Mugure aligusa. Bati lilikuwa baridi, na lilikuwa na umande. Harufu ya moshi wa kibuyu ilijaa chumbani, kisha ikaondoka. Kinyanjui alikusanya vifaa vyake bila mzaha tena.

"Mama Mwihaki," alisema mlangoni, sauti chini, "waya ni nne. Wanaokula ni watano."

Wakabadilisha, wakaleta lile la wati sitini. Sasa picha ya sebule ilidumu dakika tatu baada ya saa saba, ikakatika. Githongo alikasirika, akanunua la tatu, kubwa, la wati mia moja na hamsini, lenye feni iliyokoroma usiku kucha. Hilo lilidumu dakika saba. Jioni, alipotoka kazini, waliirudisha picha ya mchana na kuitazama, wakiwa wamekaa ukingoni mwa kitanda.

Wakamwona Kaveke akiingia sebuleni, Mwihaki amefungwa mgongoni, kikombe mkononi. Akaenda kwenye kona nyuma ya kochi. Akachutama. Akamwaga maziwa sakafuni polepole, midomo yake ikienda kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Kisha giza.

"Umeona?" Githongo alisimama. "Umeona anavyolilisha!"

Kaveke hakukana. Alisimama mbele yao, mikono nyuma.

"Si langu, Baba Mwihaki. Nililikuta hapa. Liko na njaa tu. Likipata kidogo linatulia, halimsumbui mtoto."

"Nani amekuuliza habari za njaa? Chukua mfuko wako."

Kaveke alimtazama Mugure. Hakuomba. Alingoja tu, na kungoja kwake kulikuwa kurefu, na Mugure alijua kwamba neno moja lingetosha. Neno hilo lilimfika kooni. Ndipo alipoikumbuka ile midomo iliyokuwa ikienda bila sauti, akamkumbatia mtoto, akatazama chini.

Kaveke alitoka na mfuko wake wa plastiki. Alipofika mlangoni aligeuka, akasema, "Kofia yake ya sufu nimeianika nyuma. Usiisahau, kuna upepo." Kesho yake Githongo aliwaambia majirani wote, na yule mama anayetafutia watu wasichana wa kazi, kwamba Kaveke anafuga majini.

Pasta aliletwa, akakemea kona ile mpaka shati likalowa. Sakafu ikasuguliwa kwa dawa. Siku iliyofuata, saa saba, taa ya nne haikuzimika. Wala siku ya pili, wala wiki nzima. Githongo alilipigapiga sanduku kama ng'ombe mzuri.

"Hili ndilo tungenunua tangu mwanzo," alisema. "Na yule tungemfukuza tangu mwanzo."

Wiki ya tatu, kliniki, nesi alimweka Mwihaki kwenye mizani mara mbili. Akatazama kadi, akatazama tena.

"Anakula?"

"Anakula sana. Anamaliza bakuli."

"Mbona umemwosha muda mrefu hivi? Angalia vidole."

Mugure hakuwa amemwosha tangu jana. Ncha za vidole vya mtoto zilikuwa nyeupe, zimejikunja kama za mwanamke aliyefua siku nzima.

Kesho yake hakufungua kibanda. Alimweka Mwihaki kwenye mkeka sebuleni, akamwambia shangazi ya Githongo aliyekuja kusaidia aende dukani, akajifungia chumbani mbele ya runinga. Saa saba taa zote nne ziliwaka vizuri na picha haikutikisika, na ndani ya picha hiyo safi, mchana kweupe, jua likiwa dirishani, Mugure alimwona mtoto wake akiacha kucheza, akigeuza uso kuelekea kwenye kona, akitabasamu kama anayemwona mwenzake, kisha akiunyoosha mkono wake wa kulia mbele, na mkono ule ukabaki juu, umeshikwa, vidole vinne vikivutwa na kuachwa, vikivutwa na kuachwa, kwa mwendo ambao kila mama aliyenyonyesha anaujua mwilini mwake, na mate yasiyo ya mtu yakimtiririka mtoto mpaka kwenye kiwiko na kudondoka mkekani, tone, tone, huku yeye akisinzia taratibu, kichwa kikilala begani, rangi ikimtoka usoni kama chai inayoongezwa maji.

Alipofika sebuleni hakukuwa na kitu. Harufu ya kibuyu tu, na mkono wa mtoto uliolowa, baridi.

Alimfunga mgongoni, akatoka mbio hadi ua wa pili, kwa Parsaoti, Mmaasai aliyewauzia ploti ile. Alikuwa akichuna ngozi ya ndama aliyekufa.

"Baba, nyumba yetu ilijengwa juu ya nini?"

Parsaoti aliendelea na kisu chake. "Hapo palikuwa boma letu. Tulihama ukame wa themanini na nne."

"Wote mlihama?"

Kisu kilisimama. "Mama, sisi hatumtaji aliyekufa."

"Nisaidie. Usimtaje. Niambie tu."

Alimtazama mtoto mgongoni. "Alikuwa mkubwa kama huyo," alisema. "Ng'ombe hawakuwa na maziwa. Wala mama yake."

Ilimchukua Mugure siku mbili kumpata Kaveke. Alimkuta Kware, Rongai, ndani ya machimbo, akivunja kokoto kwa nyundo katikati ya wanawake wengine. Alikuwa amekonda. Nywele zake zilijaa vumbi jeupe.

"Hakuna mtu anataka mimi nimshikie mtoto," alisema Kaveke, bila ukali. "Wameambiwa. Mwihaki anaendeleaje?"

Mugure alimgeuza mtoto. Kaveke aliweka nyundo chini, akakishika kile kiganja cheupe, akakifunika kwa viganja vyake viwili.

"Maziwa uliyokuwa ukimwagia," Mugure alisema, "ulikuwa unatoa wapi? Ya friji yaliacha kupungua."

"Ya chai yangu. Wewe hukuona nilikuwa nakunywa ya rangi?"

Mugure hakuwa ameona. Alikaa juu ya mawe, akalia. Mwanamke wa jirani alisema kwa kejeli, "Leo matajiri wanakuja kulia kwa kokoto," na wengine wakacheka.

"Rudi, Kaveke. Nitakupa maziwa yote ya nyumba, ulimwagie."

"Sasa halitaki maziwa. Hata zile stima limeacha. Aliyepata nyama halambi mchuzi." Alipangusa pua ya mtoto kwa pindo la leso yake. "Mama Mwihaki, halina ubaya. Ni kadogo. Ila hakajui kuacha, na mwenzake ataisha."

"Basi lifukuzwe!"

"Lilifukuzwa na njaa, likafukuzwa na pasta. Litaenda wapi? Litaenda tu na mtu atakayeliita."

"Na nani ataliita?"

Kaveke aliinuka. Alijikung'uta vumbi, akamwambia msimamizi kwamba anarudi jioni.

Walifika Kitengela kabla ya saa saba. Mwihaki alikuwa mzito wa usingizi, midomo imekauka. Kaveke alipiga magoti kwenye mkeka kando yake, na mkono mdogo ulipoinuka wenyewe hewani, aliushika, akauteremsha polepole, akaweka vidole vyake mahali pake, vidole vilivyochubuliwa na kokoto, vyenye damu kavu kwenye kucha.

"Uka," alisema kwa Kikamba. Njoo. "Uka, mwana wakwa."

Mugure aliviona vidole vile vikivutwa. Alimwona Kaveke akifumba macho, akiuma mdomo, na mabega yake yakishuka kidogo. Hapohapo Mwihaki akafungua kinywa akalia, kilio kikubwa cha njaa, ambacho nyumba hiyo haikuwa imekisikia kwa wiki tatu. Mugure alimtwaa, akampa ziwa, na mtoto akanyonya kwa nguvu mpaka mama akahisi maumivu.

"Kaa ule kwanza," alisema huku machozi yakimtoka. "Kaveke, kaa."

"Nikikaa na kenyewe katakaa." Kaveke alisimama, uso umefifia. "Mfunike, kuna upepo."

Githongo alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Alipitia mlango wa nyuma akaingia chumbani, na Mugure alipomfuata, mtoto kifuani, alimkuta amesimama mbele ya runinga, funguo za gari mkononi.

Kamera ya langoni ilikuwa ikionyesha njia nzima mpaka barabarani. Kaveke alikuwa akienda peke yake juani. Hakuenda kwa mwendo wake. Alipiga hatua moja, akangoja, akapiga nyingine, mwili umeinama upande wa kushoto, mkono wa kushoto umeshuka na kushika hewa, kama anavyotembea mtu aliyemshika mkono mtoto ambaye bado anajifunza kutembea. Penye shimo alisimama, akainua kitu kisichoonekana, akakivusha.

Githongo aligonga kioo kwa ukucha, akamgeukia mkewe na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Unaona sasa? Si nilikwambia ni lake?"

Mwihaki alikuwa akinyonya. Mugure alimfunika kichwa kwa leso.