Kontrola Isiyokosa Hatua

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi katika kambi ya mgodi ya Panda, lakini mota juu ya meza ya Philomène zilikuwa zikinguruma.

Philomène alikuwa mjane, fundi wa redio. Karakana za mgodi zilipofungwa, alijiundia mashine ndogo ya kuchora shaba, ya kuchonga majina ya marehemu kwa ajili ya misalaba ya makaburini. Mota zake, alizozitoa kwenye printa zilizokufa, zilizunguka hatua kwa hatua, na kila hatua iliamriwa na kontrola, kisanduku kidogo cha kuziongoza. Alikuwa na kontrola mbili za kuchagua. Moja aliiunganisha mwenyewe: ilikuwa dhaifu, mota ziliruka hatua na herufi zikapinda. Nyingine aliletewa na Gaston, mchimbaji, aliyeitoa katika jengo tupu kwenye njia ya mgodi wa zamani wa Shinkolobwe. Gaston aliiweka kizingitini, akakataa kuingia ndani. Hiyo haikukosa hatua hata moja. Ndiyo aliyoifunga kwenye mashine.

"Mama, courant imerudia?" Simone, binti yake, aliuliza kutoka kitandani, akidhani umeme umerudi. Alikuwa na homa.

"Hapana. Lala tu."

Harufu ya udongo mbichi ilijaa chumbani, kama ya kaburi lililochimbwa sasa hivi. Sindano ya mashine ikashuka juu ya shaba. Ikachora S. Ikachora I.

Philomène aling'oa waya ukutani, akang'oa na ule wa kompyuta iliyoipa mashine majina, lakini sindano iliendelea, ikachora M, na kila herufi ilipokamilika mikono ya mtoto ilizidi kupoa, midomo yake ikawa ya kijivu, na ule mngurumo wa mota ukaanza kujikunja polepole hadi ukawa maneno.

"Ile nyingine ni dhaifu," ulisema. "Bila mimi utachora herufi za kupinda."

Mayimuna, jirani yake, alikuwa amesikia mngurumo huo akaja. Alisimama mlangoni, midomo ikitetemeka kwa Ayatul Kursi.

"Philo, usiivunje," alinong'ona. "Ukiivunja, jini atabakia humu ndani. Itoe nzima, tuirudishe kwao."

Sindano ilikuwa imeanza O. Philomène akashika kontrola kwa mikono mitupu. Ilimuunguza, alisikia ngozi ya viganja vyake ikinuka. Hakuiachia.

"Nitachora za kupinda," aliiambia. "Miye njo fundi wa hii nyumba. Weye haukuitwa."

Akaikwanyua kutoka kwenye mashine. O ilibaki wazi.

Waliifunga kwa kitambaa na kuipeleka hadi lile jengo tupu alikoitoa Gaston, Mayimuna akisoma njia nzima, wakaitupa katika shimo lenye maji. Waliporudi, Simone alikuwa ameketi, anaomba bukari.

Umeme uliporudi, Philomène alifunga kontrola yake dhaifu. Alipunguza mwendo hadi mota zikaacha kuruka hatua. Viganja vikiwa vimefungwa vitambaa, alichora bamba jipya bila haraka, akalipigilia nje ya mlango: HAPA ANAKAA PHILOMÈNE NA MTOTO WAKE. HAKUNA MWINGINE.

Walipokuwa wakila, mlango uligongwa. Harufu ya udongo mbichi ikapenya chini yake. Simone akamshika mama yake mkono.

Philomène alikata tonge la bukari, akalichovya kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Soma kwanza mulango," alimwambia aliyegonga, akaendelea kula.