Diski Iliyobanduka

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, daktari wa moyo alibandua utepe wa gundi uliokuwa juu ya diski ya picha za moyo, na rangi ya fedha ikatoka pamoja nao. Palipobanduka palibaki plastiki tupu. Aliiinua diski kuelekea dirishani. Kidole chake kilionekana upande wa pili.

Utepe ule ulikuwa na jina la mgonjwa, mtoto wa miaka sita ambaye nyumbani aliitwa Bosi kwa kupenda kuamrisha. Alikuwa amekaa mapajani mwa mama yake, akiukodolea macho.

"Daktari, huo ndio moyo wangu umenata hapo?" aliuliza.

Dada yake, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeitwa Chiriku, hakucheka. Yeye ndiye aliyenunua diski ile, na yeye ndiye aliyebandika utepe.

Daktari aliiingiza diski kwenye kompyuta. Ilizunguka, ikakwaruza, kompyuta ikaitema.

"Haisomeki," alisema. "Kikao cha kupanga upasuaji ni saa sita mchana. Bila picha sifungui kifua cha mtoto. Orodha inayofuata ya upasuaji ni baada ya miezi mitatu."

Mama alishika ukingo wa meza. "Lakini diski ilikuwa nzima, daktari. Fundi wa kompyuta aliijaribu kabla hatujaipeleka kituo cha picha."

"Kama ilikuwa nzima, basi kasoro ni ya mashine yao, na hata picha zilizobaki humo siziamini. Itabidi mtoto achomwe tena sindano ya dawa ya picha, apigwe picha upya. Kwa leo haiwezekani."

Chiriku alisogea mbele. "Mama, fundi hakuijaribu," alisema. "Kulikuwa na foleni. Sikumwonyesha."

"Uliniambia umehakikisha."

"Niliitazama tu. Dukani zilikuwepo aina mbili: zenye kasha na jina la mtengenezaji, na nyingine zimerundikwa kwenye kijiti, bila kasha wala jina. Nikachukua ya kijitini kwa sababu ilikuwa inang'aa zaidi."

Mama alimtazama kana kwamba ni mtoto wa watu. Aliyezungumza ni daktari.

"Afadhali umesema. Basi huenda mashine haina kosa, na picha zimo humo bado. Nendeni mkazitoe upya. Bosi atakaa na muuguzi."

Kituo cha picha kilikuwa mtaa wa pili. Mama alitangulia bila kugeuka nyuma. Njiani aliingia dukani, akatoka na diski mbili zenye makasha.

Saa nne na nusu, fundi wa picha, mwanamke aliyevalia koti jeupe, aliipokea ile diski mbovu na kuikwaruza kwa ukucha. Unga wa rangi ya fedha ulimwagika mezani. Chiriku alirudi nyuma hatua moja.

"Wewe ulitazama upande gani, mwanangu?" fundi aliuliza.

"Wa chini. Ule unaong'aa."

"Wengi hutazama huko huko. Kumbe kwenye diski kama hii picha hukaa juu, chini ya utando mwembamba. Diski imara utando wake ni mzito, ukucha hauutoi. Hii ukibandua utepe, unaondoka na kila kitu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Picha zilikuwamo kwenye mashine. Alizirekodi kwenye diski zote mbili, kisha akazifungua moja moja kwenye kompyuta nyingine. Hakubandika kitu. Jina aliliandika kwa kalamu ya ncha laini, karibu na tundu la katikati.

"Sasa ndiyo naweza kusema nimehakikisha," alisema. "Kutazama si kuhakikisha."

"Umemsikia?" Hayo yalikuwa maneno ya kwanza ya mama tangu watoke hospitali. "Siku nyingine, kama hujafanya, sema hujafanya. Foleni ningekwenda kuipanga mwenyewe."

"Ndiyo, mama."

Saa tano na dakika arobaini daktari aliingiza diski mpya. Picha ya kwanza ilifunguka, halafu ya pili, halafu zote zilizobaki.

Saa saba kasorobo muuguzi alitoka kwenye kikao na orodha ya upasuaji wa Alhamisi. Jina la Bosi lilikuwa la tatu.